Matandazo ya Magome na Matuta Membamba

Tuta jembamba ni lile ambalo upana wake haufiki mita moja, na mara nyingi hauvuki sentimita 60. Katika miji ya Kilosa na Mikumi matuta ya namna hii hukutwa ubavuni mwa nyumba, kandokando ya ua wa michongoma, kati ya kichochoro na ukuta wa jirani, au kwenye kipande kilichobaki baada ya jiko, choo na banda la kuku kupata nafasi zao. Mwenye ekari tatu za mpunga katika bonde la Mkondoa hakihesabu kipande hicho kuwa shamba. Hata hivyo humo ndimo hutoka mchicha wa jioni, ngogwe, pilipili, mchaichai na, penye bahati, papai.

Kinacholitofautisha tuta hilo na bustani pana ni kingo zake. Tuta lenye urefu wa mita 6 na upana wa sentimita 60 lina eneo la mita za mraba 3.6 na mzunguko wa mita 13.2. Bustani ya mraba yenye eneo hilohilo ina mzunguko wa mita 7.6 tu. Tuta likiinuliwa sentimita 20, mbavu zake peke yake huongeza mita za mraba 2.6 za udongo unaopigwa na jua na upepo, yaani karibu robo tatu ya eneo la juu. Ndiyo maana tuta lililomwagiliwa asubuhi linaweza kuwa na mimea iliyolegea pembeni ifikapo alasiri, ilhali katikati udongo bado una unyevu. Katika bustani pana matandazo ni msaada. Katika tuta jembamba ni karibu sharti.

Kilosa iko kwenye mwinuko wa takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari, chini ya milima ya Ukaguru na Rubeho, na Mikumi haipishani nayo sana. Vuli huanza Novemba au Desemba, masika hukolea kati ya Machi na Mei, kisha Juni hadi Oktoba mvua huwa haba kabisa. Mboga zenye bei nzuri sokoni ni zile zinazovunwa katika miezi hiyo mikavu, na maji ya kuzimwagilia hubebwa kwa ndoo kutoka bombani, kisimani au mtoni. Kila ndoo inayookolewa na matandazo ni safari moja iliyopungua.

Matandazo yenyewe si jambo geni nchini. Katika vihamba vya Kilimanjaro na vibanja vya Kagera, majani na vigogo vya migomba vimetandazwa chini ya kahawa na ndizi kwa vizazi vingi. Kigeni ni magome. Mtindo wa kutandaza magome bustanini ulienea Ulaya na Marekani katika nusu ya pili ya karne ya 20, pale viwanda vikubwa vya mbao, vilivyokuwa vikiyachoma au kuyarundika kama taka, vilipogundua kwamba yanauzika. Viwanda hivyo humenya gogo kwanza, ndipo hulipasua, kwa hiyo magome hutoka kwa wingi, yakiwa safi na yametengana na mbao. Ushauri mwingi unaopatikana leo juu ya magome ulizaliwa huko, kwenye baridi, kwenye misonobari, na mahali ambapo mchwa si tatizo la kila siku. Kilosa si mahali hapo, na ushauri huo haufai kuchukuliwa mzimamzima.

Magome yanakotoka

Mashine ndogo za kupasulia mbao zinazotumika nchini hazimenyi gogo. Huanza kwa kukata ubavu wa duara, na ule ubavu ndio unaoitwa banzi: upande mmoja mbao, upande wa pili gome. Mabanzi ya misonobari na mikaratusi ni mengi Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill lililo kubwa kuliko mashamba yote ya misitu ya kupandwa Tanzania. Malori ya mbao yanayotoka Mafinga kwenda Dar es Salaam hupita Mikumi katika barabara kuu ya TANZAM, lakini hayabebi magome, kwa sababu uzito wa gome haulipi nauli. Kwa mkazi wa Mikumi au Kilosa, gome la kweli hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua mabanzi yaliyoletwa kwa ajili ya mabanda au kuni na kuyabandua, kazi inayokuwa rahisi banzi likikauka nusu. Ya pili ni kuokota magome yanayodondoka mahali magogo yanapopakuliwa na kupasuliwa.

Porini ni habari nyingine. Misitu ya miombo inayoizunguka Mikumi imejaa miti yenye magome mazito, na si ajabu mtu kufikiri kwamba malighafi iko karibu. Mti uliosimama ukibanduliwa gome kuuzunguka shina hufa, kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia tabaka la ndani la gome. Mizinga ya asili ya magome imeua miombo na mitondoro mingi kwa njia hii, na angalau mzinga huleta asali. Kuua mti kwa ajili ya kufunika mchicha hakuna hesabu inayokubali. Isitoshe, magome ni mazao ya misitu kisheria, na kuyatoa kwenye hifadhi au msitu wa kijiji bila kibali ni kosa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, hakuna cha kujadili: tembo ndio pekee wanaomenya magome humo.

Vijiji vinavyochoma mkaa kwa mpango vina mabaki ya aina yake. Kuanzia mwaka 2012 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) pamoja na Mtandao wa Jamii wa Usimamizi wa Misitu Tanzania (MJUMITA) walisaidia vijiji vya wilaya ya Kilosa kama Ihombwe, Ulaya Mbuyuni na Msimba kupanga uvunaji wa miti ya mkaa katika vipande vya mita 50 kwa 50, vilivyopangwa kama ubao wa drafti, kila kipande kikipumzishwa miaka 24 ili visiki vichipue. Gogo huingia tanurini na gome lake, kwa hiyo magome yanayobaki ni kidogo, nayo pamoja na majani yana kazi ya kufunika udongo palepale. Kinachofaa kutolewa ni chenga za mkaa. Chenga hizo zikichanganywa na samadi iliyooza hukaa udongoni miaka mingi na kusaidia kushika virutubisho, hasa kwenye udongo wa kichanga.

Chanzo cha karibu kuliko vyote, karakana ya seremala, kinataka tahadhari. Maranda na vipande vya gome kutoka mbao zisizo na dawa havina neno. Mbao za kupaulia, hata hivyo, mara nyingi zimelowekwa dawa dhidi ya mchwa, na baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromiamu na aseniki. Maranda yake huwa na rangi ya kijani iliyofifia au harufu kali ya lami. Hayaingii kwenye tuta la mboga, hata kama yanatolewa bure. Fundi akiulizwa atasema alichokuwa akiranda, mradi aulizwe kabla marundo hayajachanganyika.

Kuyaandaa

Gome bichi lina tanini na kemikali nyingine zinazodumaza miche michanga, na la mkaratusi ni kali zaidi. Hupondwa au kukatwa kwa panga hadi vipande vya sentimita 2 hadi 5, hulowanishwa, hurundikwa kivulini, na kugeuzwa kila baada ya wiki chache kwa miezi mitatu hadi sita. Rundo lisilogeuzwa na lililojaa maji hukosa hewa na kuchacha, likatoa harufu ya siki. Magome ya namna hiyo yakitandazwa huunguza majani ya chini siku ileile. Dawa yake ni kuyaanika juani siku mbili tatu na kuyalowanisha upya kabla ya kuyatumia. Rundo lenyewe liwekwe mbali na mlango, kwa sababu nge na nyoka hupenda kujificha humo, na mikono iliyo uchi si zana ya kuligeuzia.

Hesabu ya kiasi ni nyepesi. Tuta lile la mita 6 kwa sentimita 60, likifunikwa unene wa sentimita 5, linahitaji lita 180 za magome, yaani ndoo 9 za lita 20. Unene huo unatosha kwa vipande vidogo. Vipande vikubwa vinavyoacha mianya vinataka sentimita 7 au 8, vinginevyo jua hupenya na magugu huota katikati yake. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa tambarare ya Mkata, sentimita 3 zinatosha wakati wa mvua, maana udongo huo hushika maji hata bila kufunikwa, na mizizi huoza kwa kukosa hewa.

Kosa linaloharibu matuta mengi ni kuyachimbia magome ndani ya udongo. Gome lina kaboni nyingi na nitrojeni kidogo mno, na vijidudu vinavyolivunja huchukua nitrojeni iliyomo udongoni ili kujilisha. Gome likiwa juu, mvutano huo hutokea kwenye ngozi tu ya udongo, na mizizi iliyo chini haiguswi. Likichimbiwa, mchicha hugeuka njano ndani ya wiki chache na mwenye bustani hudhani ni ugonjwa. Kwa hiyo mpangilio ni huu: kwanza samadi iliyooza, ndoo moja kwa kila mita mbili za urefu wa tuta, ichanganywe na udongo, kisha maji ya kutosha, magome mwisho, juu. Majani mabichi ya glirisidia au ya kunde yakitandazwa chini ya magome hufidia nitrojeni, kwa kuwa yenyewe huoza upesi.

Mchwa, kuta na michirizi ya bati

Hapa ndipo Kilosa inapoachana na vitabu vya ugenini. Gome ni chakula cha mchwa. Tabaka la ndani lililo laini huliwa kwanza, gamba la nje lenye tanini hubaki muda mrefu zaidi, lakini hakuna gome la kawaida linalodumu miaka mitatu bustanini hapa kama linavyodumu kwenye nchi za baridi. Msimu mmoja wa kiangazi unatosha kugeuza matandazo ya msonobari kuwa maganda matupu yaliyojazwa udongo.

Je, mchwa hao wanadhuru mimea? Jibu linategemea kilicho karibu. Spishi nyingi hupendelea kilichokufa na kukauka kuliko shina bichi, na palipo na matandazo ya kutosha mmea hai mara nyingi huachwa. Hatari huja matandazo yanapokwisha katikati ya kiangazi, koloni limekwisha kuzoea mahali hapo na kilichobaki ni shina la pilipili lililolegea kwa kiu. Tena vijia vya mchwa hupitisha maji na hewa. Wakulima wa Burkina Faso wanaochimba mashimo ya zaï huweka samadi makusudi ili mchwa waje kutoboa udongo mgumu. Mchwa katikati ya uwanja, basi, ana faida zake, na kumbikumbi wake wa mwanzo wa mvua wanaliwa.

Mchwa kwenye ukuta wa nyumba hana faida yoyote. Tuta jembamba kwa kawaida linaegemea ukuta, na nyumba nyingi za Kilosa na Mikumi zina fremu za mlango, madirisha na kenchi za mbao. Magome yanayogusa ukuta huwapa mchwa daraja lenye kivuli na unyevu, na vijia vyao vya udongo hupanda nyuma ya majani bila kuonekana mpaka fremu ianze kusikika tupu ikigongwa. Kati ya magome na ukuta yafaa pabaki sentimita 30 za ardhi tupu, au kokoto, ili kijia chochote kionekane. Kwenye tuta la sentimita 60 hilo ni nusu ya upana, na wengi watalalamika. Afadhali tuta lisogezwe mbele kuliko nafasi hiyo kufutwa. Majivu hufukuza mchwa mpaka yatakapoloweshwa na mvua ya kwanza. Majani ya mwarobaini husaidia kidogo. Hakuna kati ya hayo kinachochukua nafasi ya pengo.

Ukuta una mambo mengine mawili. La kwanza ni kivuli. Kilosa iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini kutwa nzima. Ukuta wa urefu wa mita 3 unaotoka mashariki kwenda magharibi hutupa kivuli cha karibu mita 1.7 upande wa kusini saa sita mchana. Tuta lililo upande huo halioni jua kiangazi, jambo linalofaa chainizi na mboga nyingine za majani, lakini nyanya humo hurefuka bila kuzaa. Upande wa kaskazini jua ni tele, na ukuta huongeza joto lake usiku. Nyanya, bamia na pilipili hukaa huko, na huko ndiko matandazo yanakofanya kazi kubwa zaidi. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi mambo hugeuka, ingawa kivuli cha upande wa kaskazini huwa kifupi.

La pili ni mchirizi wa bati. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa lenye mteremko wa mita 5, lisilo na mfereji, likipigwa na mvua ya milimita 30, humwaga lita 150 kwenye kila mita ya mstari wa mchirizi, na mvua ya kiasi hicho ni ya kawaida masika. Maji hayo hutupa magome uani, huchimba mtaro, na kufukua mizizi. Wakati huohuo, sentimita chache nyuma yake, chini ya upenu, udongo ni mkavu kabisa. Tuta lililopimwa kwa kutazama ukuta tu laweza kuwa na jangwa na mafuriko ndani ya hatua moja. Dawa ni kufunga mfereji wa bati unaopeleka maji kwenye pipa, au kupanga mawe na vigae kwenye mstari wa mchirizi wenyewe na kulianzishia tuta mbele yake.

Kupanda

Upana wa tuta huamuliwa na urefu wa mkono. Tuta linalofikiwa kutoka upande mmoja lisizidi sentimita 60. Linalofikiwa pande zote mbili laweza kufika mita moja au moja na robo. Sababu ni kutokanyaga. Udongo wa mfinyanzi mwekundu ukikanyagwa ungali na maji hugandamana, na magome yaliyokanyagwa hudidimia ndani yake, jambo linalorudisha tatizo la nitrojeni lililoelezwa.

Kuinua au kuzamisha tuta kunategemea msimu. Masika, kuinua sentimita 15 hadi 20 huokoa mizizi. Kiangazi, kuinua ni kutangaza vita na jua. Wakulima wa vitunguu wa Malolo na Ruaha Mbuyuni hupanda kwenye majaruba yaliyo chini kuliko kingo zake ili maji yasikimbie, na mwenye tuta jembamba hana budi kuwaiga kiangazi kinapokaribia: udongo wa juu hukokotwa pembeni ukawa kingo mbili, mmea ukakaa bondeni. Magome hukaa vizuri katika bonde hilo kuliko juu ya tuta la mgongo, ambako huporomoka kila yanapoguswa. Tuta la kuinuka linahitaji ukingo wa matofali, mawe au mianzi ulio juu ya udongo kwa sentimita 5 au zaidi.

Mistari iliyonyooka hupoteza nafasi. Mimea ikipishanishwa kwa pembetatu, tuta la upana wa sentimita 60 hupokea mistari miwili ya chainizi, sentimita 30 kati ya mstari na mstari na 30 kati ya mche na mche, hivyo mita 6 huchukua miche 40. Majani yakikutana hufunika udongo yenyewe na magome huweza kuwa machache. Nyanya hukaa mstari mmoja, katikati, kwa sentimita 50, kila mche na mti wake wa kuegemea. Vitunguu hupandwa karibu karibu, sentimita 10 kwa 15, na hapo magome hayafai kabisa, kwa kuwa vipande havipati pa kukaa na shingo za vitunguu hulowa. Hapo pumba za mpunga ndizo zinazofaa. Matembele na maboga hutoka nje ya tuta ndani ya mwezi na kuziba njia, isipokuwa kama kuna ua wa kupandia. Matango na mapasheni hupanda juu bila kulazimishwa.

Mbegu ndogo kama mchicha na karoti hazipiti chini ya magome. Hizo husiwa kwenye udongo ulio wazi, zikafunikwa nyasi kavu kidogo zinazoondolewa jioni ya siku zinapochomoza, na magome hayasogezwi mpaka mimea ifike kimo cha kiganja. Kwa miche ya kuhamisha, magome husukumwa pembeni, shimo huchimbwa, mche hupandwa na kumwagiliwa, ndipo magome hurudishwa, yakiachwa mbali na shina kwa upana wa vidole vinne. Shina lililozungukwa na gome lenye unyevu huoza shingoni. Pia sota hujificha chini ya matandazo mchana na kukata miche usiku, hivyo pete hiyo tupu huwanyima maficho palepale wanapotaka kula.

Haya yote yanaelekeza kwenye uamuzi ambao wauzaji wa mimea ya mapambo wasingependa kuusikia: magome hayafai sana kwa mboga za muda mfupi. Mchicha hukomaa kabla gome halijafanya kazi yoyote ya maana, na kila uvunaji hulazimu kuyaondoa na kuyarudisha. Mahali pake ni kwenye mimea inayokaa: mchaichai, pilipili kichaa, ngogwe za misimu miwili, mipapai, mawaridi, na maua ya kandokando ya njia kwenye nyumba za wageni za Mikumi. Huko hutandazwa mara moja na kuongezwa kidogo kila mwaka.

Maji, kuku na mafuriko

Keni ikipitishwa harakaharaka juu ya magome makavu hulowesha magome tu. Udongo hubaki kama ulivyokuwa, na mwenye tuta huondoka akiamini amemwagilia. Magome makavu hufukuza maji mwanzoni. Yanapaswa kuloweshwa kabla ya kutandazwa, na baadaye maji yamwagwe polepole karibu na kila mmea, mara chache kwa wiki na kwa wingi, badala ya kidogo kila jioni. Kipimo ni kidole: kikipita matandazo na kuzama udongoni hadi kifundo cha pili kikakuta ubichi, maji yamefika. Penye bomba la matone, bomba hulazwa chini ya magome, likikaguliwa mara kwa mara kwa kuwa tundu lililoziba halionekani.

Kuku ni adui mkubwa kuliko mchwa, na hili halijaandikwa vya kutosha. Chini ya magome kuna wadudu, majongoo na minyoo, na kuku watatu huweza kulifagia tuta zima nje kabla ya saa nne asubuhi. Matawi ya miiba yaliyolazwa juu ya magome, au wavu wa urefu wa mita moja, huwazuia. Wanyama wakubwa wana taratibu zao. Mashambani, mabua ya mahindi yaliyoachwa kufunika udongo huliwa na ng'ombe wanaopitishwa baada ya mavuno, katika wilaya ambayo mivutano ya wakulima na wafugaji ni ya miaka mingi. Matandazo hudumu zaidi kwenye tuta la uani, lenye ua, kuliko shambani.

Bonde la Mkondoa lina tabia nyingine. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha watu zaidi ya 20,000 bila makazi wilayani Kilosa na kuharibu reli ya kati. Mafuriko ya kiasi hicho hayahusiani na bustani, lakini maji madogo ya kila masika yanahusiana nayo, na gome huelea. Kwa nyumba za chini karibu na mto, magome yaondolewe mwezi Machi na kurundikwa mahali pa juu, tuta lifunikwe kwa mmea unaotambaa au majani yaliyobanwa kwa mawe, kisha magome yarudi Juni.

Pale ambapo gome halipatikani, wilaya ina mbadala za kutosha, na baadhi ni bora. Pumba za mpunga hurundikana nje ya kila mashine ya kukoboa. Huoza polepole na mchwa hawazipendi sana, ila hupeperuka, kwa hiyo huloweshwa na kuchanganywa na samadi. Mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa ni kumbukumbu ya zama ambazo Tanzania ilizalisha takribani tani 230,000 za singa mwaka 1964. Singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni makapi. Makapi mabichi yana asidi na huwasha ngozi, lakini yaliyokaa rundoni miezi kadhaa ni matandazo mazuri. Upande wa Ruhembe, kiwanda cha sukari huchoma makapi yake ya miwa kupata mvuke na umeme, na mashamba mengi huchomwa moto kabla ya kukatwa, kwa hiyo majani makavu ya miwa hupatikana tu kwa mkulima asiyechoma.

Mwisho wa msimu magome hukaguliwa kabla ya kuongezwa mengine. Yale yaliyokuwa chini ya nyanya zilizoshambuliwa na kantangaze au mnyauko hayabaki kwenye tuta. Huondolewa pamoja na mabaki ya mimea na kuchomwa. Mengine huchekechwa kwa wavu wa mchanga. Yaliyogeuka kuwa unga mweusi huingia udongoni bila madhara, kwa kuwa kazi ya kuoza imekwisha. Vipande vigumu hurudi juu, na ndoo tatu au nne za magome mapya hutosha kurudisha unene wa sentimita 5 kwa mita 6 za tuta.